Unene wa Ukuta wa Katikati

Nyaramba, kwa Sanduku la Shule, Kisii
Jumapili, 11 Novemba 1973

Kwako mpwa wangu Ouko, mla samaki uliyepotelea Amerika,

Pokea salamu. Kama huko kuna baridi kama wanavyosema, zipashe moto kwanza. Sisi huku tu wazima, isipokuwa wale ambao si wazima. Mama yako Bitutu bado ananiombea kanisani kila Sabato, kwa jina, kwa sauti, mpaka wageni wanageuka kunitafuta. Ndizi zimezaa. Ng'ombe mweusi amezaa dume tena, kusudi tu anikomoe. Mwalimu Abner, mwenye ufunguo wa sanduku la posta, anakusalimu, ingawa mimi simwamini hata akinipa salamu.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kigusii chako ni cha mtoto wa miaka saba, na Kijaluo changu ni cha kupunguziwa bei ya dagaa wa omena. Hii ndiyo hasara ya dada yangu kuolewa ziwani na baba yako Otiende. Kiswahili chenyewe nilikisoma miaka miwili kwa wamisionari, wakanifukuza kwa sababu ya kumwiga mchungaji. Kwa hiyo vumilia.

Sasa jambo lenyewe. Dada yako Aloo anakimbia. Mwezi uliopita amewashinda wasichana wa Nyamache na wa Marani pia, mbio za maili moja, bila viatu. Lakini alipovuka kamba alianguka. Macho yalikuwa wazi, mtu hayupo. Tulihesabu mpaka thelathini ndipo akarudi, akauliza nani alikuwa wa pili. Mama yako anasema ni njaa. Mimi ni omobari, Ouko, kazi yangu ni kufungua vichwa vinavyouma. Nimekwangua mafuvu ya watu tangu Mwingereza hajaleta dawa ya maumivu, na wengi wao leo wanalima. Najua kichwa kikilalamika.

Mama yako amesema nikimgusa msichana atamwita chifu. Dada wa tumbo moja!

Anadai pia kwamba wewe unaangalia mioyo ya watu bila kuwapasua. Mimi nimemwambia unafagia hospitali, na kufagia si aibu. Sema ukweli.

Mjomba wako,
Jethro Nyamweya


California
9 Desemba 1973

Kwako Mjomba Jethro,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa Aloo. Mimi sijambo. Baridi ya hapa si kubwa, ila mvua.

Sifagii, Mjomba. Katika hospitali yetu kuna watu ambao mioyo yao iliharibika, wakawekewa mioyo ya watu waliokufa. Mmoja anaitwa Hollis, alikuwa dereva wa lori la maziwa. Moyo alio nao ni wa mwanamke aliyepata ajali. Taabu ni kwamba mwili wa Hollis unaujua moyo huo kuwa mgeni na unaweza kuukataa siku yoyote. Ukianza kuukataa, kuta za moyo huvimba kabla mwenyewe hajasikia lolote. Zamani walisubiri mpaka augue. Siku hizi wanaweza kupitisha waya kwenye mshipa wa shingo, wakanyofoa kipande cha nyama ya moyo kama punje ya wimbi na kukitazama. Inauma, na ina hatari yake.

Mimi ninatumia mashine. Ninampaka mafuta kifuani na kuweka kitu kama kizibo cha chupa. Kinatoa sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inagonga kuta za moyo na kurudi, kama unavyoita bondeni ukajibiwa na mlima, na mashine inachora jibu kwenye karatasi. Kila Jumanne ninampima Hollis na kulinganisha karatasi ya leo na ya wiki iliyopita. Hiyo ndiyo kanuni yetu: mtu alinganishwe na yeye mwenyewe.

Nina ombi moja. Usimguse Aloo kichwa. Unajua kwa nini ninaomba. Hilo la Baba tuliache lilipo, lakini usimguse.

Ni mimi mpwa wako,
Ouko Otiende


Nyaramba
Jumapili, 6 Januari 1974

Kwa Bwana Mkubwa Ouko, mchunguzi wa vifua,

Heri ya mwaka. Krismasi tulichinja jogoo ambaye uzee wake ulitushinda, tukala ugali wa obokima kwa mchuzi wake na kumhurumia. Shangazi Gesare alikuja kutoka Nyamache akakaa siku tisa. Siku ya nane nilijifanya nina homa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona moshi. Kwanza, huyo Hollis na moyo wa mwanamke. Je, jamaa za marehemu walikubali? Mkewe anapolala kando yake, anasikia moyo wa nani? Hapa kwetu mtu akibeba hata jembe la marehemu bila kuitisha kikao, ukoo mzima unasimama. Ninyi mnabeba moyo kisha mnaupigia kelele.

Pili, hiyo sauti isiyosikika. Ouko, mimi nimezeeka lakini sijalala. Sauti ambayo hakuna anayeisikia, inagonga kitu ambacho hakuna anayekiona, na jibu analisoma kijana wa Bitutu peke yake? Mganga wa Marani alifanya hivyohivyo kwa kibuyu mpaka wakamfukuza. Mimi nilipotaka kujua fuvu limefikia wapi, nilifungua nikaona. Nilikwangua taratibu kwa kisu kilichopinda, nikisikiliza mfupa ukibadilisha sauti kadiri unavyokuwa mwembamba, na damu ilikuwa damu na kila mtu aliiona. Hakuna siri.

Nitumie hizo karatasi. Si hadithi ya karatasi. Karatasi.

Kuhusu Aloo, tangu shule ifungwe hajaanguka, maana hana pa kukimbilia. Kisu changu kiko darini. Sijasema nitakishusha na sijasema sitakishusha. Wewe unaniandikia kama hakimu, na mimi sijashtakiwa. Au nimeshtakiwa? Miaka kumi na saba mnanitazama hivyo, wewe na watu wa baba yako, na hakuna aliyefungua mdomo. Basi nami nanyamaza.

Jethro


California
3 Februari 1974

Mjomba,

Nimefurahi kwamba jogoo aliwatesa sawasawa. Shangazi Gesare mpe salamu zangu kwa mbali.

Nimekuwekea karatasi tatu. Mbili za kwanza ni za moyo wa Hollis. Kwenye ya kwanza, A, yuko vizuri. Ya pili, B, ni ya mwaka jana, mwili ulipoanza kuukataa. Tazama mistari miwili minene inayopanda na kushuka: wa juu ni ukuta wa katikati, unaogawa vyumba viwili vya moyo, na wa chini ni ukuta wa nyuma. Kwenye B kuta zote mbili zimevimba. Tuliona hivyo Jumanne, yeye akiwa anacheka na kula. Wakampitishia waya, wakakuta ni kweli, wakampa dawa kali. Baada ya wiki mbili kuta zilipungua. Kama tungesubiri aseme anaumwa, angekuwa amezikwa.

Ya tatu, C, ni ya mtu mwenye afya, ili uone tofauti.

Hakuna anayekushtaki. Lakini umeniuliza nami sina budi kusema neno moja. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alikuja kwako akiwa anazimiazimia, ukamfungua kichwa. Siku ya arobaini alipanda mlima wa Marani kwa baiskeli, akaanguka, hakuamka. Nilimwona akiwa bado na kovu bichi. Basi. Ninaomba tu umwache Aloo.

Ouko


Nyaramba
Jumapili, 3 Machi 1974

Ouko,

Salamu. Mvua imeanza, chai inachipua kama imechokozwa. Aloo amerudi shuleni na kukimbia. Ijumaa ya juzi ameanguka mara ya pili, safari hii ukutani, amepasuka mdomo. Mama yako sasa hasemi tena njaa.

Karatasi zako nimezipata. Nimeketi nazo juani siku mbili, watu wakapita wakidhani nasoma Biblia, wakafurahi. Sikiliza. Mimi sijui moyo. Lakini maisha yangu yote nimekuwa nikipima unene. Fuvu la mtu huyu si la mtu yule. Usipojua unene, unatoboa mpaka kwenye ubongo. Basi nilikata unyasi nikapima mistari yako.

A ya Hollis: ukuta wa katikati na wa nyuma ni sawa, kama ndugu. B: kuta zote mbili zimenenepa pamoja, kama ndugu waliopata kazi mjini. Vizuri. Nimekuamini nusu.

Sasa C, mtu wako mwenye afya. Huyo ukuta wake wa nyuma ni mwembamba wa kawaida, lakini wa katikati unashinda ule wa nyuma karibu mara mbili. Nimepima mara tano. Nimempa Abner naye akapima, bila kumwambia kwa nini. Ni kama nyumba yenye ukuta wa kanisa upande mmoja na ukuta wa jiko upande wa pili. Hata Hollis mwenye moyo wa kuazima hana hivyo.

Mimi ni mzee wa kijijini, labda ninyi Amerika mnaita hiyo afya. Lakini naona kona ya C imechanwa, pale ambapo zile nyingine mmeandika jina. Uliichana kwa nini? Mtu huyo ni nani? Usinijibu kwamba ni mtu tu.

Mjomba wako anayekutazama,
Jethro


Nyaramba
Jumapili, 12 Mei 1974

Ouko,

Wiki ya kumi sasa. Nilimshuku Abner nikapekua mkoba wake akiwa uani. Hana barua yako, ana mswaki wa pili tu, sijui wa nani.

Kwa hiyo wewe ndiye uliyenyamaza. Nilikuuliza swali dogo, mtu wa karatasi C ni nani, ukatoweka. Mtu hanyamazi wiki kumi kwa sababu hana jibu. Hunyamaza analo.

Aloo ameanguka mara ya tatu. Mashindano ya wilaya ni Julai. Amekuja mwenyewe, jioni, akakaa kwenye kigoda changu cha kazi bila kuambiwa. "Mjomba," akasema, "kama ni kichwa, fungua. Lakini nipone kabla ya Julai."

Nikamwambia, "Mama yako je?"

"Mama ataomba. Wewe fanya."

Msichana huyu ana ulimi wangu. Shangazi Gesare anaumwa mgongo huko Nyamache, nimemshauri mama yako aende akamtunze. Amekubali kwenda mwezi ujao. Sikuombi ruhusa. Nakupa habari, kama ndugu.

Jethro


California
2 Juni 1974

Mjomba, kabla ya salamu: USIMFUNGUE ALOO. Si kichwa. Kama unaisomea barua hii karibu na kisu, kiweke chini kwanza.

Sasa salamu. Nisamehe. Nitakueleza yote.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mimi hujilaza na kujipima mwenyewe ili nione mashine inachora sawasawa. Miaka mitatu nimefanya hivyo. Karatasi ya leo ikifanana na ya jana, najua mashine ni nzima, ninaitupa. Hakuna daktari aliyewahi kuitazama. Nami sikuitazama kama moyo, niliitazama kama mtu anavyotazama saa. Daima ilifanana na ya jana. C ni yangu. Nilichana jina ili usije ukanitania.

Barua yako ya Machi ilipofika nilicheka. Kisha nikachukua rula. Kisha nikaichana barua yako, nikaacha kujipima. Nikamwomba mwenzangu ajilaze yeye kila asubuhi. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na hasira nawe, Mjomba, kwa sababu ulikuwa mtu wa mwisho duniani ambaye ningetaka aone jambo hilo.

Hollis ndiye aliyenibana. Yeye huja mapema Jumanne na alikuwa amezoea kunikuta kitandani. Wiki nane hakunikuta. Jumanne ya tisa akakataa kuvua shati.

"Mbona hujipimi?" akaniuliza.

"Mwenzangu anajipima."

"Mashine imeharibika?"

"Hapana."

"Basi kuna kitu umekiona. Mimi nimeishi miaka miwili nikisoma nyuso za watu wanaotazama hizi karatasi. Najua sura hiyo. Lala wewe kwanza, ndipo nilale mimi." Akaketi na kofia yake magotini, akasubiri.

Nililala. Daktari mkuu aliingia akanikuta hivyo, akatazama karatasi, akachukua kile kizibo mwenyewe na kunipima upya nusu saa nzima. Ulipima sawa, Mjomba, kwa unyasi. Ni ugonjwa ambao mtu huzaliwa nao. Ukuta wa katikati hunenepa mpaka unaziba njia ya damu. Wenye nao wengine hawasikii kitu. Wengine huzimia wakikimbia au wakipanda mlima. Wengine hawaamki. Nami nimepewa vidonge na nimekatazwa kubeba mizigo.

Daktari aliniuliza: baba yako alikufa vipi? Nikamwambia nililoamini siku zote, kwamba aliuawa na kisu cha kichwani. Akauliza kovu lilikuwa na usaha? Alikuwa na homa? Alipooza? Nikasema hapana, alikuwa amepanda mlima kwa baiskeli.

Unaelewa ninachosema. Ugonjwa huu huenda kutoka kwa baba hadi kwa watoto. Aloo asikimbie, hata hatua kumi. Humu mna barua ya daktari wetu kwa daktari wa moyo wa Nairobi. Sina hakika kama Nairobi wana mashine kama hii, lakini anaweza kuweka sikio kifuani na kusikia, na vidonge vipo.

Jambo la Baba nimekosea, na nimekosea kwa miaka kumi na saba.

Ouko


Nyaramba
Jumapili, 23 Juni 1974

Kwako Ouko, mwana wa dada yangu,

Salamu, na Hollis naye umfikishie salamu zangu. Mwambie mzee mmoja wa Kisii anasema ana akili kuliko madaktari wake wote, na moyo wa yule mama unamkaa vizuri. Ng'ombe mweusi ana mimba tena, nimeshakata tamaa. Gesare amepona mgongo siku mama yako alipofika, kwa hiyo ni dhahiri alikuwa anataka mtu wa kufua tu.

Barua yako ilifika Jumapili iliyopita. Nitakuambia saa yenyewe. Jua lilikuwa juu ya mwanzi. Aloo alikuwa kwenye kigoda. Nilikuwa nimeshamnyoa mahali pa ukubwa wa kiganja juu ya sikio, nimeshaosha kwa maji ya dawa, kisu kimekwisha kuchemka. Mogire jirani alikuwa amemshika mabega. Abner alikuja akipanda njia huku shati limetoka nje na bahasha mkononi, na bahasha ilikuwa imefunguliwa. Alisimama uani akapiga kelele, "Mzee, si kichwa! Si kichwa!" Mwalimu mkuu mzima, anahema kama mbuzi. Sikumuuliza ameijuaje. Nilikaa chini.

Sasa hilo la baba yako, tuliseme mara moja. Usinitumie msamaha, sina pa kuuweka. Miaka hii yote nimeamini kama mnavyoamini, kwamba nilikwangua nikapita pembamba mno. Kwenye mazishi yake nilisimama nyuma ya choo cha watu, kwa aibu. Tangu hapo, kila fuvu nililofungua nilifungua nikitetemeka, na nilikuwa nikifanya mzaha ili wasione mkono. Wewe unadhani barua yako imenishusha mzigo. Imenibadilishia tu. Shemeji yangu alikuja kwangu na moyo mgonjwa, nikamfungua kichwa kisichokuwa na kosa. Siku tano alilala kwenye majani ya ndizi akiuma kitambaa. Kwa bure. Akanishukuru, Ouko. Alipopanda ile baiskeli alinishukuru, akasema anajisikia mwepesi.

Na Jumapili ile ningemfanyia binti yake vilevile.

Nimemweleza Aloo yote, mbele ya mama yake, aliyerudi kwa miguu kutoka Nyamache Abner alipompelekea habari. Mama yako hakumwita chifu. Alinitazama tu, akaenda kupika. Aloo aliuliza, "Basi sitakimbia Julai?" Nikasema hapana. "Na Julai nyingine?" Nikasema sijui, tuulize huko Nairobi. Akasema, "Afadhali ungenifungua." Tangu siku hiyo hasemi nami. Anafunga kitambaa kichwani kwa sababu ya pale nilipomnyoa, na wenzake wanamcheka. Na anune. Aliyenuna anapumua.

Jumanne tunakwenda Nairobi, mimi, yeye na barua ya daktari wako. Nimeishonea ndani ya koti. Mama yako alitaka kwenda yeye, nikakataa. Ni mimi nitakayesimama pale wakimwekea sikio kifuani, nisikie wanachosema kwa masikio yangu, maana bado siwaamini wote.

Leo asubuhi alitumwa maji kisimani. Nilikuwa kwenye kahawa, hakuniona. Alipofika pale mteremko unapoanzia, miguu yake ilianza yenyewe, ndoo ikipigapiga goti, hatua tatu, nne, tano. Kisha akasimama. Akaweka ndoo chini, akaweka mkono kifuani na kukaa hivyo kwa muda mrefu, kama mtu anayebisha hodi na kusubiri. Kisha akaichukua ndoo, akashuka akitembea.

Sikumwita. Meza vidonge vyako.

Mjomba wako,
Jethro Nyamweya